Ulivua Miwani?

"Ulivua miwani?"

Ndilo swali pekee aliloniuliza Mwalimu baada ya kunisikiliza kwa karibu nusu saa. Nilikuwa nimemweleza yote kuhusu siku jua lilipopatwa: mwezi ulivyoanza kulimega jua kwa pembeni, mwanga ulivyopungua mpaka ukawa na rangi nisiyoijua, nilivyojikuta nimesimama kwa ncha za vidole kana kwamba kuongeza urefu kidogo kungenisogeza karibu na anga. Mikono yangu ilikuwa bado iko hewani.

Nikamjibu kwamba sikuivua hata mara moja. Nililitamka hilo kwa fahari, maana ni yeye aliyetufundisha fizikia, na ni yeye aliyetuonya darasani, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kwamba jua halitazamwi ovyo.

"Ulifanya vizuri sana, mwanangu," akasema. Akanyamaza, akaangalia viganja vyake. "Basi bado hujaliona."

Hakusema kwa dharau. Angekuwa ametamka kwa dharau, ningeyasahau maneno yake siku ileile.

Sasa ni wiki ya saba, na bado yananirudia nikiwa naoga, nikiwa kwenye foleni, nikiwa nimelala macho wazi.

## Nilichokiona

Niseme kwanza nilichokiona, maana sitaki kukipunguza.

Nilikuwa nimesubiri kwa miezi. Nilitafuta mapema ile miwani ya karatasi ngumu yenye utando mweusi, nikahakikisha imeandikwa ISO 12312-2, kile kiwango cha usalama cha miwani ya kutazamia jua, nikaimulika kwenye taa nione kama utando una tundu au mkwaruzo. Niliandika kwenye karatasi saa na dakika ambayo mwezi ungeligusa jua, nikaibandika karatasi hiyo mahali ambapo ningeiona kila asubuhi. Usiku wa kuamkia siku yenyewe niliamka mara tatu kuchungulia mawingu.

Mahali nilipokuwa, mwezi ulikuwa ufunike asilimia 91 ya uso wa jua. Tisini na moja! Kwa akili yangu ya wakati ule, hiyo ilikuwa sawa na yote, na ile tisa iliyobaki ilikuwa chenji.

Dakika ikafika. Nikavaa miwani, dunia nzima ikazimika, likabaki duara moja la rangi ya chungwa. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha pembeni mwa duara pakatokea kikovu cheusi, nami nikapiga kelele. Kilichonitikisa ni kwamba kilitokea dakika ileile iliyoandikwa kwenye karatasi yangu. Kuna watu walikaa na hesabu zao, miaka mingi nyuma, wakasema kwamba kitu chenye upana wa kilomita 3,474 kitapita mbele ya kitu chenye upana wa kilomita milioni 1.39, siku fulani, saa fulani. Na kikapita.

Halafu nikatazama chini.

Nilikuwa nimesimama karibu na mti, na ardhi yote chini yake ilikuwa imejaa hilali. Mamia ya hilali, zimepandana kama magamba ya samaki, nyingine zikitembea juu ya viatu vyangu kila upepo ulipotikisa matawi. Kila upenyo kati ya majani ulikuwa unachora picha ya jua. Kumbe ndivyo unavyofanya kila siku: vile vidoa vya mwanga tunavyovikanyaga kivulini ni picha za jua, ila kwa kuwa jua ni duara tunaona viduara na hatuulizi. Ibn al-Haytham, mtaalamu wa kale wa elimu ya mwanga, aliandika juu ya jambo hili takriban miaka elfu moja iliyopita, juu ya umbo la jua lililopatwa linavyopita tunduni na kuangukia ukutani. Nilikuwa nimelisoma. Sikudhani lingenilegeza magoti.

Nilipoingia ndani niliwatumia watu ujumbe wa neno moja.

NIMELIONA.

## Miezi elfu thelathini na sita

Usiku ule wa swali la Mwalimu nilirudi nikiwa nimeudhika, tena sana. Nilijiambia kwamba wazee wana tabia ya kuona cha kwao ndicho kikubwa. Kisha, kwa kuwa usingizi ulikataa, nikachukua kalamu ili nithibitishe kwamba amekosea.

Jua linang'aa takriban mara 400,000 kuliko mwezi mpevu. Mimi nilibakiziwa asilimia 9. Kwa hesabu ya kukadiria, huo ni mwanga wa miezi mipevu 36,000 ikiwaka kwa pamoja. Nikajaribu na mtu aliyebakiziwa asilimia 1 tu: miezi 4,000. Nikajaribu na aliyebakiziwa sehemu moja ya elfu, mtu ambaye yeyote angesema amefika kabisa: miezi 400.

Sasa taji. Ile hewa ya moto inayolizunguka jua wanasayansi huiita korona, jina ambalo miaka ya karibuni limechafuliwa na maradhi, kwa hiyo mimi nitasema taji. Mwanga wake wote ukiujumlisha ni kama wa mwezi mpevu mmoja.

Mmoja, mbele ya elfu thelathini na sita.

Hapo kalamu ikanitoka mkononi. Taji lipo kila siku. Lipo saa sita mchana juu ya vichwa vyetu, limetanda mamilioni ya kilomita angani, na hatulioni kwa sababu uso wa jua unalizidi nguvu. Nayo miwani yangu, ambayo huzuia karibu mwanga wote, inalizima taji lote. Kwa hiyo siku ile hakuna hata chembe ya taji iliyofika jichoni mwangu. Asilimia 91 ya jua kufunikwa haikunipa asilimia 91 ya kuona taji. Ilinipa sifuri.

Swali la Mwalimu halikuwa la mzee anayejisifu. Lilikuwa swali la mtihani, fupi kuliko yote aliyowahi kunipa, na jibu lake lilikuwa limebeba kila kitu.

Maana kuvua miwani hakuhitaji ushujaa, kunahitaji mahali. Retina haina neva za maumivu. Jua linaweza kuiunguza mtu asihisi kitu, aje agundue baadaye kwamba kuna doa katikati ya kila anachokitazama, wakati mwingine doa la kudumu. Muda pekee ambao jicho tupu liko salama ni pale mwezi unapokuwa umeuziba uso wote wa jua, hata uzi wa mwanga haujabaki, na muda huo haumfikii mtu aliye nje ya njia ya kivuli kizito cha mwezi. Aliye nje, awe mbali sana au nje kidogo tu, anavaa miwani mwanzo hadi mwisho.

Mimi nilikuwa nje. Nilifanya sawa kutoivua. Na kwa sababu hiyohiyo, sikuliona.

## Furaha ile ilikuwa ya nini?

Hapa ndipo niliposumbuka zaidi.

Ikiwa sikuliona, nilichokifurahia ni nini? Yule aliyepiga kelele alipoona kikovu cheusi alikuwa amedanganyika? Mdogo wangu alikuwa amejibu ujumbe wangu kwa "hongera" na alama nyingi za mshangao. Nilianza kumwandikia kumsahihisha, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Sikujua nimsahihishe kitu gani hasa.

Siku kadhaa zilizofuata nilijiona kama mtu aliyehudhuria harusi jirani na ile aliyoalikwa, akacheza, akala, akalia machozi ya furaha, kisha akaambiwa maharusi hawakuwa wale.

Kilichonisogeza kutoka hapo ni habari za mtu mwingine. Tarehe 29 Mei 1919 Arthur Eddington, mwanaastronomia wa Uingereza, alikuwa kisiwa cha Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika, akingoja jua lipatwe. Alitaka kupiga picha za nyota zilizo karibu na ukingo wa jua, aone kama mvutano wa jua umeupinda mwanga wake kwa kiasi alichokisema Einstein. Asubuhi ile mvua ilinyesha sana. Mchana mawingu yalikuwa bado yanapita mbele ya jua. Alikuwa na dakika 5 na sekunde 2. Wenzake wengine walikuwa Sobral, Brazili, kwa kazi hiyohiyo.

Alipiga picha 16, na chache sana zilifaa. Zile chache, pamoja na za Sobral, ndizo zilizobadilisha jinsi wanadamu wanavyoielewa mvutano. Kupinda kulikotafutwa kulikuwa kudogo ajabu: ni kama upana wa sarafu ya sentimita 2 na nusu ukiitazama kutoka umbali wa karibu kilomita 3.

Lakini kilichonishika ni jambo aliloliandika mwenyewe baadaye. Alieleza kwamba hakuliona lile tukio, kwa sababu alikuwa akibadilisha bamba za picha muda wote. Alitupa jicho mara moja kuhakikisha limeanza, na mara nyingine katikati kuangalia mawingu yamezidi kiasi gani. Basi.

Jua limepatwa utosini pake kwa dakika tano, naye akalitazama mara mbili.

Je, Eddington aliliona? Wiki ya tatu nilisema hakuliona, na nikamwonea huruma. Wiki ya nne nilisema aliliona kuliko mtu yeyote aliyesimama na kulikodolea macho, kwa kuwa alichokitoa kwenye giza lile hakuna jicho lingeweza kukitoa. Leo nadhani yote mawili ni kweli, na kwamba neno letu "kuona" limebebeshwa mizigo mingi kuliko linavyoweza kubeba. Tunaona kwa macho. Tunaona baridi, tunaona aibu, tunaona uchungu. Mtu anasema "naona umekuja" akiwa ameshika mkono wako.

Niliona hilali chini ya mti. Niliona hesabu ikitimia dakika yake. Hizo ni zangu, na nilipozipata nilitetemeka kihalali. Lakini jua lililopatwa sijaliona. Ilinichukua wiki kadhaa kuweza kuyasema haya mawili kwa pumzi moja bila moja kulifukuza jingine.

Mdogo wangu sikumsahihisha.

## Mara mia nne, mbili

Kukubali kwamba sijaliona kulikuwa na faida moja kubwa: hamu ilirudi, tena ikiwa na meno.

Jua ni pana kuliko mwezi takriban mara 400. Pia liko mbali nasi kuliko mwezi takriban mara 400. Hakuna sheria yoyote iliyozifunga hizo mara mia nne mbili pamoja. Zimekutana tu. Ndiyo sababu, kutoka hapa tulipo, vitu viwili visivyolingana hata kidogo vinaonekana vina upana mmoja, na kidogo kinaweza kukiziba kikubwa kwa kipimo kile kinachofaa: uso unafichwa, taji linaachwa.

Hata hivyo kipimo hicho kina nafasi ndogo sana ya kukosea. Njia ya mwezi si duara kamili, na siku ambayo kupatwa kunaukuta mwezi ukiwa mbali kidogo, unashindwa kuziba jua lote na ukingo wa moto unabaki kama pete. Huko ni kupatwa kipete. Ni kuzuri, lakini miwani haivuliwi. Na mwezi unatuhama. Vioo vilivyoachwa huko na wanaanga wa Apollo kuanzia 1969 bado vinarudisha miale ya leza inayorushwa kutoka duniani, na vipimo hivyo vinaonyesha kwamba kila mwaka mwezi unakwenda mbali kwa sentimita 3.8. Baada ya miaka milioni 600 hivi hautatosha tena kuliziba jua lote, siku yoyote, popote.

Yaani tumezaliwa ndani ya dirisha lililo wazi. Nilipolisoma hilo nilifunga kompyuta nikatoka nje kutembea.

Na dirisha lenyewe linafunguka mahali pembamba. Kila baada ya miezi 18 hivi jua hupatwa kikamilifu sehemu fulani ya dunia, lakini kivuli kizito kinaacha mkwaruzo mwembamba tu, kwa kawaida usiozidi kilomita mia mbili na kitu kwa upana, mara nyingi baharini. Mahali pamoja, kwa wastani, panasubiri zaidi ya miaka 300. Ukikaa ukingoje kivuli kikukute mlangoni kwako, yumkini utazikwa ukiwa bado unangoja.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Nilikuwa nimengoja kuletewa.

## Ukoo mmoja wa vivuli

Vivuli hivi vina koo zao. Baada ya miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi, jua, mwezi na dunia hurudi katika mpangilio unaokaribia sana ule wa kwanza, na kupatwa hutokea tena kwa sura inayofanana. Wanajimu wa Babeli walikwisha kuijua hesabu hii, na leo huitwa saros. Zile saa 8 zina maana yake: dunia inakuwa imegeuka theluthi moja zaidi, kwa hiyo kivuli kinaangukia upande mwingine. Zikitimia saros tatu, miaka 54 na mwezi mmoja, kinarudi upande uleule.

Nikachukua tarehe ya Eddington nikaanza kuhesabu. 29 Mei 1919. Kisha 8 Juni 1937, 20 Juni 1955, 30 Juni 1973, 11 Julai 1991, 22 Julai 2009.

Kisha 2 Agosti 2027.

Ni ukoo uleule. Kivuli kile kilichomkuta Eddington kwenye mawingu kina mjukuu wake njiani.

Aliyekuja 1973 alipita Sahara akaja mpaka eneo la Ziwa Turkana, na aliyekuwa chini ya njia yake katika jangwa alipata giza la hadi dakika 7. Siku hiyo kuna watafiti waliopanda ndege ya Concorde iliyotobolewa madirisha juu ya paa, wakakimbia pamoja na kivuli kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa, wakakaa ndani yake dakika 74. Kila nikifikiria dakika 74 navuta pumzi.

Wa 2027 atapita kaskazini zaidi, maana ukoo huu unapanda kidogo kidogo. Atatoka Atlantiki, apite mlango wa Gibraltar akigusa kusini ya Hispania na kaskazini ya Moroko, avuke Aljeria, Tunisia, Libya na Misri, kisha Saudi Arabia na Yemen, na agonge ncha ya Somalia kabla ya kuzama Bahari ya Hindi. Karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6.

Nimeamua kwenda. Nimeiandika tarehe kwenye karatasi nyingine, nimeibandika palepale ilipokuwa ile ya kwanza.

## Wingu moja

Hofu nayo haikuchelewa.

Mwaka 1868, tarehe 18 Agosti, Jules Janssen, mwanaastronomia wa Ufaransa, aliitazama miale ya jua lililopatwa akiwa Guntur, India, kwa spektroskopu, chombo kinachoutawanya mwanga katika rangi zake. Aliona mistari ing'aayo ya zile ndimi nyekundu za moto zinazochomoza ukingoni, akatambua kwamba angeweza kuitazama hata bila jua kupatwa. Kesho yake akafanya hivyo. Miaka miwili baadaye, Desemba 1870, Paris ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Prussia. Jua lilikuwa lipatwe Aljeria. Janssen akapanda puto alfajiri pamoja na vyombo vyake, akapepea juu ya vichwa vya maadui, akatua mbali, akasafiri mpaka Oran, akawahi.

Siku yenyewe, mawingu.

Nimeirudia habari hii mara nyingi, na kinachonigusa si yale mawingu. Ni kwamba alikuwa amekwisha kukaa ndani ya kivuli mara moja, na alikuwa amekwisha kugundua njia ya kufanya sehemu ya kazi yake siku yoyote apendayo. Bado alipanda puto. Mtu anayehatarisha risasi kwa ajili ya dakika mbili za giza anajua kitu ambacho mimi, pamoja na hesabu zangu zote, sikijui.

Lakini hofu yangu kubwa haikuwa ya mawingu. Niliogopa kwamba nimelisoma jambo hili mno. Nimejua mpaka zile shanga za Baily: vile vitone vya mwanga vinavyobaki ukingoni sekunde za mwisho kwa kuwa jua linachungulia katika mabonde ya mwezi. Nimejua kwamba kitone cha mwisho kinaitwa pete ya almasi. Nimejua upeo wa macho utakavyokuwa na rangi za machweo pande zote. Nikaogopa kwamba nitafika, nitavua miwani, na kitu pekee nitakachofanya ni kuweka vema mbele ya kila nilichokisoma.

Juzi nikaenda kumuuliza Mwalimu.

## Bahasha

Alikuwa Lusaka, tarehe 21 Juni 2001. Hilo nilikuwa nalijua kwa juu juu. Sikuwahi kumuuliza zaidi, jambo ambalo sasa linanishangaza.

Aliniambia kwamba alikwenda na orodha. Atahesabu sekunde kwa sauti. Atatazama Mshtarii, ile sayari ya Jupita, ambaye alijua atakuwa karibu na jua. Alikuwa ametandika shuka jeupe ardhini ili aone ile michirizi ya vivuli inayotambaa kama mawimbi ya maji muda mfupi kabla ya giza. Alikuwa na kipimajoto. Giza lilikuwa lidumu zaidi ya dakika 3, na kila sekunde ilikuwa na kazi yake.

"Kitone cha mwisho kikazimika," akasema, "nikavua."

Nikangoja.

"Palikuwa na tundu. Pale jua linapokaa palikuwa na tundu jeusi, na nywele nyeupe zikitoka kulizunguka, zimetulia. Mimi nilidhani zitawaka, zitachezacheza kama moto. Zilikuwa zimetulia."

Akasema hakuhesabu hata moja. Shuka hakulitazama. Kipimajoto alikuja kukikuta baadaye kwenye nyasi. Mshtarii alimwona, lakini anasema alimwona jinsi unavyomwona mtu unayemjua kwenye msiba, bila kuweza kumsalimu.

Kisha mwanga ukarudi, na ilibidi avae miwani haraka. Hapo akanyanyuka, akaenda ndani, akarudi na bahasha iliyobadilika rangi. Akanitolea miwani ya karatasi. Ilikuwa imekunjika katikati, fremu imevunjika mikunjo mitano au sita, utando wa upande mmoja umepasuka kutoka kona hadi kona. Alikuwa ameifinyanga ndani ya ngumi bila kujua, kwa dakika zote zile tatu.

"Haikufaa tena," akasema. "Nusu ya pili yote sikuitazama juu. Nilikwenda nikakaa chini ya mti. Nikaziangalia hilali kwenye vumbi mpaka zikaisha."

Niliishika ile miwani kwa vidole viwili. Nilikuwa nimekuja na maswali mengine, nikayaacha.

"Zako," akaniuliza, "zilikuwa zimeelekea upande gani?"

Nikamwambia kwamba mwanzoni zilielekea upande mmoja, halafu, mwezi ulipovuka katikati, zikageuka polepole zikaelekea upande wa pili, na kwamba kulikuwa na moja kubwa kuliko nyingine iliyokuwa imeangukia kiatu changu cha kushoto.

Akavuta kiti chake karibu na changu.

"Hebu nisimulie tena," akasema. "Taratibu. Anzia hapo chini ya mti."